Sawa ya Mlimani

Leonard aliushindilia udongo kwa mara ya mwisho, akarudi nyuma, akafumba jicho moja kama mtu anayelenga shabaha, kisha akalitoa tena lile neno ambalo mkewe alikuwa amelisikia tangu asubuhi mpaka masikio yakamchoka.

"Iko sawa, Mama Glory."

Eufrazia alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchicha mkononi. Yeye hakufumba jicho. Alitazama kwa macho yake yote mawili, na kwa yote mawili aliona kiwanja kilichoinuka upande wa bondeni na kulala upande wa mlimani. Aliweka ungo chini, akachukua limau moja, akaenda kuliweka katikati ya kile kiwanja. Limau likafikiri kidogo, likaanza kubingirika polepole kuelekea mlimani, likagota kwenye ukingo.

"Limau limekwenda wapi, Baba Glory?"

"Limau ni duara. Ulitaka likae?"

"Nilitaka likae, ndiyo. Mama Zahida alisema pawe kama meza."

"Mama Zahida anauza vitenge mjini. Anajua nini habari ya udongo?" Leonard alijifuta jasho kwa mkono wa shati. "Hii ni sawa ya mlimani. Udongo wa upande huu wa chini ni mpya, nimeujaza mimi. Udongo mpya hulala. Ukipata uzito wa maji utashuka kidogo, na ukishashuka hapo ndipo patakuwa meza. Ningeusawazisha leo, kesho ungekuwa umezama. Umenielewa?"

Alikuwa amemwelewa, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Maana mumewe hakuwa mjinga wa udongo. Kuanzia hapa Bigwa kupanda hadi vijiji vya juu, mtu akitaka kuchimbiwa ngazi za kulimia ubavuni mwa mlima alimwita Leonard, na haikupata kusikika kwamba ngazi ya Leonard imechukuliwa na mvua. Siri yake ilikuwa hiyo hiyo: aliuacha ukingo wa chini juu kidogo, ili masika yaushushe mahali pake na maji yabaki shambani. Kwa maharage ilikuwa sawa kabisa. Lakini Eufrazia hakuwa anapanda maharage.

Alikuwa anamtafutia mwanawe mguu. Mwanzoni mwa mwaka Glory aligongwa na bodaboda akitoka shule. Mfupa wa paja uliunga vizuri tu, picha zilionyesha, ila mtoto mwenyewe aligoma kuukanyagia. Goti likakakamaa. Mama wa mazoezi kule hospitali alisema waziwazi kwamba goti la mtoto wa miaka kumi halimsubiri mtu: likizoea kukaa hivyo, litakaa hivyo. Dawa yake ni maji. Ndani ya maji mwili huwa mwepesi, mtoto hasikii maumivu, anatembea bila kujijua.

Maji yenyewe sasa yako wapi? Eufrazia aliwahi kumbeba Glory mgongoni hadi kwenye hoteli moja yenye bwawa. Mlinzi akasema nguo aliyovaa mtoto si ya kuogelea. Eufrazia akaenda kutafuta nguo ya kuogelea kwenye mitumba, akarudi siku nyingine, akaambiwa basi angalau mama naye awe mteja, anywe kitu. Alikunywa soda ambayo hakuwa na kiu nayo. Ndipo akaja kijana mwenye tai kumweleza kwa upole sana kwamba wageni wanauliza kama mtoto ana ugonjwa. Eufrazia aliondoka na mwanawe mgongoni akipita katikati ya viti vya watu waliolala, na mtu mmoja akainua miwani ya jua ili aone vizuri.

Basi Mama Zahida, ambaye Eufrazia humpelekea mboga nyumbani, aliposikia habari hiyo alikasirika kwa niaba yake. Akafungua stoo, akatoa bwawa la wajukuu wake waliokwishahamia Dar: mabomba ya chuma na turubai nene la bluu, lile bwawa linalosimamishwa juu ya ardhi bila kuchimba shimo. "Chukua, Eufrazia, linaliwa na panya bure. Ila ardhi iwe flati. Flati kabisa! Maji yale mazito sana, usinifanyie mchezo."

Na hapo kwenye flati ndipo shughuli ilipoanza. Nyumba ya Leonard na Eufrazia ilikaa juu ya ngazi moja pana, lakini si pana ya kutosha. Ili bwawa lienee ilibidi ama ukingo wa juu ukatwe, ama upande wa chini uongezwe kwa udongo wa kujaza. Kukata kulikuwa kazi ya nusu siku. Leonard akachagua kujaza, kazi ya wiki nzima, na kila mtu pale nyumbani alijua kwa nini.

Jina la sababu hiyo lilikuwa Petro.

*

Petro, kaka yake Eufrazia, alifika jioni ile ile kabla jembe halijaoshwa. Hakuangalia kiwanja, wala hakuangalia mabomba ya bwawa yaliyolazwa ukutani. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye ukingo wa juu, akaupapasa kwa kiganja.

"Shikamoo mjomba," Glory alisema kutoka kwenye kiti chake.

"Marahaba, mpwa wangu. Mmegusa hapa?"

"Hatujagusa, shemeji," Leonard alijibu haraka, na Eufrazia alitamani ardhi immeze. Mwanamume wa miaka hamsini na ushee anajibu kama mtoto aliyeulizwa habari za sukari.

"Maana huu ukingo," Petro alisema, "aliuchimba marehemu mama kwa mikono yake, akiwa na mimba ya huyu Eufrazia. Na ardhi ni ya lukolo, ya ukoo, si yangu mimi. Watu wote huku wamekatakata, wamewauzia wa mjini, leo wanalima kwenye ndoo. Mimi nimekabidhiwa. Nitawajibu nini wazee?"

"Tunajua, shemeji."

"Wewe shemeji ni mgeni wetu mwema, sina ugomvi na wewe. Nasema tu."

Mgeni! Leonard alikuwa ameishi juu ya ngazi ile tangu Petro hajaota ndevu. Nyumba aliijenga yeye, na kila jiwe la ngazi tatu za chini, ikiwemo ile ambayo Petro mwenyewe alipanda kabichi, alilipanga yeye. Lakini ndivyo ilivyo kwa Waluguru: ardhi hufuata tumbo la mama, na mume akihamia kwa mkewe hubaki mume wa fulani. Leonard aliinama akaanza kukung'uta udongo kwenye jembe ambalo halikuwa na udongo.

"Kaka," Eufrazia alisema, "hatutaki kuuza. Tunataka upana wa mkono mmoja tu, mtoto apate kutembea."

"Si umejaziwa upande wa chini? Mumeo bingwa. Au si bingwa?"

Ilikuwa imesemwa kwa kicheko, na hivyo hapakuwa na namna ya kuijibu. Leonard alicheka pia. Eufrazia aliwatazama wanaume wale wawili wakichekea ardhi ya mama yake, akaingia ndani kukaanga mchicha, na mchicha wa jioni ile uliungua.

*

Maji yalikuwa na maneno yake. Kiangazi kilikuwa kimebana, na bomba linaloteremka kutoka kijito cha mlimani lilitoa kamba nyembamba ya maji iliyogawanywa kwa zamu. Eufrazia alisimama mbele ya mkutano wa watumiaji maji, akaomba. Mmoja akauliza kama na boti litakuja. Mwingine akasema Bigwa nako sasa kuna swimingi, wapeni wazungu taarifa. Aliwaacha wacheke hadi wakatosheka, kisha mwenyekiti, mzee Fransisko, akakohoa.

"Jumapili," alisema, "kuanzia misa ya kwanza hadi watu watoke misa ya pili, watu wote tuko kanisani, hakuna anayechota. Maji ya muda huo chukua. Lakini ni mara moja, mama. Hatutakupa tena mpaka mvua zinyeshe."

Mara moja. Eufrazia alishukuru mpaka akajichukia.

Jumapili kengele ilipolia, yeye hakwenda. Aliisikia nyumba moja baada ya nyingine ikitoka, viatu vya misa vikigonga mawe ya njia, watoto wakikemewa wasichafuke. Aliyebaki ni Halidi, fundi mwashi wa nyumba ya tatu, ambaye Jumapili kwake ilikuwa siku kama siku nyingine. Alikuja kusaidia kuunga mabomba, na kwa kweli alikuja zaidi kutazama.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba." Alizunguka kiwanja, akachomoa pima maji yake kutoka mfuko wa nyuma, ile ya mbao yenye kichupa.

"Rudisha mfukoni hiyo," Leonard alisema.

"Naangalia tu, baba."

"Ardhi hii nimeishindilia mimi. Nikikuitia kuta utapima kuta."

Halidi alimtazama Eufrazia. Eufrazia alikuwa na la kusema, lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini aliikumbuka sura ya mumewe akikung'uta jembe safi mbele ya Petro, akaona asubuhi hii asimwongezee. Ilikuwa huruma, na baadaye alijilaumu kwa huruma hiyo kuliko kwa kitu kingine chochote.

"Wewe unga tu mabomba, mwanangu," alisema.

Wakaunga mabomba. Wakatandaza turubai, wakachomeka mpira wa bomba. Glory aliletwa na kiti chake akawekwa kivulini, amevaa ile nguo ya mitumba, ametandikiwa kanga miguuni. Alikuwa akisikiliza maji.

Maji yalipofunika sakafu, kila mtu aliliona jambo lile ila hakuna aliyelitaja. Upande wa mlimani yalikuwa yanafika kwenye vifundo vya miguu wakati upande wa bondeni turubai bado kavu. Yakapanda. Upande wa mlimani yakafika magotini, na mabomba ya upande huo yakaanza kufanya tumbo kuelekea ukingoni.

"Funga maji," Eufrazia alisema.

"Acha yaendelee. Uzito ndio dawa yake."

"Baba Glory, linalala!"

"Udongo ndio utakaolala, si bwawa! Mwanamke, umeniona nikikosea lini?"

Basi likatokea lile lililokuwa baya kuliko yote, yaani maneno ya Leonard yakawa kweli. Upande wa bondeni ulianza kushuka. Taratibu, bila kelele, kama mtu mzima anayekaa kitini, udongo mpya ulijikalia chini, na maji yakarudi kutoka mlimani, yakafunika sehemu kavu, yakatandaa. Tumbo la mabomba likarudi ndani. Mstari wa maji ukagusa mchoro wa turubai pande zote, sawasawa. Halidi alichomoa pima maji bila kuulizwa, akaiweka juu ya bomba. Kiputo cha hewa kilikaa katikati ya kichupa.

"Meza!" Leonard alipiga kelele. "Si nilisema? Si nilisema, Mama Glory?" Alikuwa akicheka na machozi yakimtoka. Eufrazia hakuwa amemwona hivyo tangu mtoto alipogongwa, na moyo wake, uliokuwa umefura kwa hasira mwezi mzima, ulilegea wote kwa mkupuo. Alimwomba msamaha kimoyomoyo. Akamnyanyua Glory, akamvusha juu ya bomba, akamshusha hadi maji yakamfika magotini.

"Baridi!" Glory alisema, na akacheka. "Mama, niache kidogo. Mama, nakanyaga."

Alikuwa anakanyaga. Mguu mmoja, halafu ule mwingine. Eufrazia aliuona unyayo wa ule mguu mbaya ukitandaa kwenye bluu, vidole vyote vitano, na goti likikunjuka kwa kutetemeka.

"Mama," Halidi alisema kwa sauti ngeni. "Halisimami hapo. Linaendelea."

Kiputo kilikuwa kinahama. Udongo wa Leonard ulikuwa umezoea mvua, na mvua hunyesha ikakoma. Maji haya hayakukoma. Ukingo wa mawe upande wa bondeni ulitoa jiwe moja, likaruka kwenda chini. Likafuata la pili.

"Mtoto!" Halidi alipiga kelele. "Mtoe mtoto!"

Eufrazia alimvuta Glory kwapani, wakaangukia pamoja kwenye ukingo wa juu. Hapo hapo upande wa chini ukaachia. Mabomba yalipinda kama mabua, turubai likalala ubavu, na maji yote ya misa mbili yakatoka kwa mkupuo mmoja, yakaruka ngazi, yakaingia kwenye kabichi za Petro na kupita nazo.

Kutoka kanisani zilisikika sauti za wimbo wa kutokea.

*

Watu walirudi na nguo zao za misa, wakasimama njiani. Safari hii hakuna aliyefanya mzaha wa boti. Mzee Fransisko alitazama tope, akavua kofia, akavaa tena, akaenda zake, na Eufrazia alielewa kwamba ile mara moja ndiyo imekwisha. Leonard alikuwa ameketi juu ya turubai lililolowa, mikono katikati ya magoti.

"Ningeacha wiki moja ulale," alikuwa akisema, bila kumwambia mtu. "Wiki moja tu."

Petro alipanda kutoka kwenye kabichi zake na suruali ya misa imelowa hadi mapajani.

"Kabichi zangu ziko barabarani," alisema. "Barabarani, Eufrazia! Watu wanaziokota. Nilisema nini mimi? Nilisema ardhi hii si ya kuchezea. Unamwachia mtu wa kuja anajaza, anajaza, anajenga mlima juu ya mlima..."

"Amejaza kwa sababu wewe ulimkataza kukata."

"Nilikataza kwa haki ya ukoo!"

Leonard hakuinua kichwa. Eufrazia alimtazama, akamtazama na kaka yake, na akahisi kuchoka kwa namna ambayo usingizi hauwezi kuondoa. Alikuwa amechoka na bingwa, akachoka na mkabidhiwa. Mmoja alikuwa ameogopa kuomba, mwingine ameogopa kutoa, na katikati yao goti la mtoto wake lilikuwa likikauka kama udongo wa kiangazi. Akaliokota jembe.

"Unakwenda wapi na hilo jembe?" Petro aliuliza.

"Kukata."

"Eufrazia, huo ukingo wa mama! Wa ukoo!"

"Ukoo gani, kaka?" Aligeuka. "Niambie. Watoto wako ni wa ukoo wa mama yao, wana kwao. Mama hakuzaa binti mwingine ila mimi. Nami sikuzaa ila huyu. Mimi na wewe tukifa, ukoo unaoulinda ni nani?" Alinyoosha mkono kwenye kiti cha kivulini, alipokwisha kumrudisha Glory. "Ukoo ndio huo umekaa pale. Hauwezi kutembea."

Petro hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelinda kitu kwa miaka mingi kiasi kwamba alikuwa amesahau kumtazama mwenye kitu hicho. Lakini alikuwa pia mwanamume mbele za watu, na suruali yake ilikuwa imelowa, kwa hiyo akachagua kejeli.

"Haya," alisema. "Kama mwenye ardhi ni mtoto, basi tumwulize yeye. Mpwa wangu, unasemaje? Tuukate ukingo wa bibi yako? Ukishakatwa haurudi, ujue."

Alitegemea mtoto atainamisha uso, kama watoto wote wanavyofanya wakiulizwa mambo ya wakubwa. Glory alikuwa akitetemeka kwa ubaridi, kanga imemganda miguuni. Alimtazama mjomba wake kwanza, kisha baba yake pale chini kwenye tope.

"Ukateni," alisema. "Nilikuwa nakanyaga, mjomba."

Petro alishuka ngazi, akaelekea barabarani kuokota kabichi zake kabla hazijaisha.

Hakuna aliyejua maji yatatoka wapi. Mabomba mawili yalikuwa yamepinda na Halidi hakuahidi kwamba yangenyooka. Mvua zilikuwa mbali. Eufrazia aliyajua hayo yote alipopanda kwenye ukingo na kuvuta uzi wa kupimia wa Halidi ili aone pa kuanzia. Leonard aliinuka, akaja kusimama nyuma yake, akataka kusema jambo, na safari hii akasubiri kwanza uzi ufungwe.

Alikuwa amedhani jembe la kwanza lingempa raha. Halikumpa. Udongo ulikuwa mgumu, umeshindiliwa na mtu aliyejua kazi yake, na ulipovunjika ulitoa harufu ya shamba la mama yake asubuhi za masika, zile asubuhi alizokuwa akimfuata nyuma na kikapu. Eufrazia alilia kwa sauti, mbele za watu, wala hakuacha kukata.